Cherehani Inayokusanya Uzi Chini

Kila asubuhi, kabla hata ya kufungua kabati la vipuri, fundi alitoa simu na kutafuta mtandaoni jina la karakana yake ya kutengeneza cherehani. Tovuti yake ilitokea juu kabisa, na picha yake ameshika bisibisi. Moyo ukatulia. Kisha akakaa kusubiri wateja, na wateja walikuwa kama wamemgomea.

Alihamia chumba hiki cha nyuma ya jengo la maduka baada ya kuchoka kuitwa msaidizi kwa shemeji yake, kaka wa mumewe, mwenye duka kubwa la cherehani kule mbele barabarani. Yeye ndiye aliyekuwa akitengeneza, kwenye kiti cha mlangoni kilichoyumba mpaka akiwekee kitambaa chini ya mguu, na sifa akala shemeji. Siku anaondoka, shemeji alicheka tu. "Kiti chako nakutunzia. Mwisho wa mwaka utakitaka."

Mwisho wa mwaka ulikuwa unabisha hodi, na mumewe alishaanza kusema kurudi si aibu.

Shemeji alilipia matangazo. Yeye hakuwa na ubavu huo. Wifi yake, mfanyakazi wa duka la kuchapa, ndiye aliyemtengenezea tovuti na kumwahidi kwamba watu watamfikia bure.

"Wako wapi hao wa bure?" alimuuliza wifi alipopita. "Na mimi ni wa kwanza. Tazama."

Wifi alitazama, akashika kiuno. "Wifi yangu, unajitafuta mwenyewe. Anayelijua jina lako si anaujua na mlango wako? Mwenye cherehani mbovu anaandika nini?"

"Anaandika cherehani yake inakusanya uzi chini."

"Haya, andika."

Akaandika, akashusha kidole ukurasa baada ya ukurasa. Shemeji alikuwepo mara mbili. Yeye hakuwepo hata kwa dawa. Alijiona mjinga, na hasira zote akamshushia wifi, ambaye alizisikiliza huku anakula karanga.

"Umemaliza? Sasa andika shida za watu kama wanavyozisema mlangoni, halafu uwape na dawa."

"Dawa ndiyo kazi yangu. Nikiwapa, watakuja kufanya nini, kunisalimia?"

"Tovuti nzima ni 'huduma bora' na 'karibuni sana'. Nani anatafuta 'karibuni sana'?"

Aliandika kwa kisirani, kidole kikigonga kioo kana kwamba kimekosa adabu. Inua kwanza mguu wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa, ndipo upitishe uzi wa juu. Ukiupitisha mguu ukiwa chini, uzi haukai mahali pake. Badilisha sindano. Ikiwa bado, acha, usiguse skrubu za chini, hapo umefika kwangu.

Wiki zikapita kimya. Wifi alisema mtandao unahitaji muda. Fundi alisema mtandao una dharau. Halafu simu zikaanza: mama mmoja cherehani yake imepona, akamwombea baraka, akakata, mwingine hivyo hivyo. Baraka tupu. Jioni hiyo alimwambia mumewe kwamba Jumatatu anarudi kwa shemeji, na mumewe hakubisha, jambo lililomuuma zaidi.

Kesho yake akipanga bisibisi kwenye sanduku, simu ikalia. Mwanamume, namba ngeni.

"Fundi, nimesoma ulivyoandika. Nimefuata yote mpaka pale pa kuacha. Bado inakusanya uzi, na bosi anataka itoke leo."

"Uko wapi?"

"Duka kubwa la cherehani, hapa barabarani. Mimi mgeni, nina mwezi sasa. Nimekaa mlangoni."

Mwezi mzima kiti kina mtu.

"Kinayumba, siyo?" alisema.

"Nini?"

"Hicho kiti. Kunja kitambaa, weka chini ya mguu wa nyuma, kushoto."

Upande wa pili kulisikika kiti kikisogezwa. "Kimetulia. Umejuaje?"

"Na hiyo cherehani ije kwangu, nyuma ya jengo," alisema, akizirudisha bisibisi kabatini. "Mwambie bosi wako aibebe mwenyewe."