Vichanja vya Mama

Mimi nilitaka kumpiga Mashimba, niseme ukweli tu. Nimemaliza fomu foo, nipo nipo tu nyumbani, halafu dada yangu Kija anarudi tena kutoka mwaloni, mitumbwi inakoshushia dagaa, na beseni tupu. Mashimba ana mitumbwi, na dagaa hampi mpaka "aende kwake kwanza wakaongee." Kuongea gani, wote tunajua.

"Kaa chini," mama akasema. "Ukimpiga, kesho wewe uko polisi na Kija bado hana dagaa."

Mama anakausha dagaa tangu mimi sijazaliwa. Akatuambia walishawahi kususa, yeye akiwa msichana. Wenye vichanja vya kuanikia wakakubaliana: hakuna kununua mpaka tabia hiyo iishe. Mgomo ukafa asubuhi ile ile.

"Nani aliwasaliti?" nikauliza.

"Wanaoanika mchangani walinunua dagaa wote. Ila hawakutusaliti. Hatukuwaita kwenye kikao. Tuliwaona wachafu, dagaa wao wana mchanga."

Safari hii akaenda kuwaita mwenyewe. Odeta, anayeanika mchangani na mtoto mgongoni, akamcheka.

"Leo ndio mnatuona, Mama Kija? Mvua ikinyesha dagaa wangu wakioza, huwa mko wapi?"

"Huwa hatupo," mama akasema. "Unataka nini?"

"Kichanja."

Mama alipolipeleka hilo kikaoni, wenye vichanja wakanuna. Modesta, mwenye vingi kuliko wote, akasema vyake havimtoshi hata yeye. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho mama akasema vyake atatumia na Odeta. Wengine wakakubali mmoja mmoja, Modesta wa mwisho, tena kwa kuguna.

Asubuhi mitumbwi ikafika imejaa. Hakuna beseni lililosogea. Wanawake wamekaa juu ya mabeseni yao wanapiga stori. Mimi nimejiandaa kwa vita, nikapewa mtoto wa Odeta nimbembeleze.

Jua likapanda. Dagaa wasipoanikwa hawakai. Mashimba akaja na ndoo imejaa, akaitua mbele ya Odeta.

"Chukua, ya bure. We si wa hawa, we wa mchangani."

Odeta akaiangalia ile ndoo. Akaiangalia sana, mwana.

"Rudisha," Odeta akasema. "Uzeni hapa hapa, kwa foleni, kila mtu anaona. Habari za kwenda kwako ziishe."

Mashimba akageukia wenye mitumbwi wenzake. Wao wanaangalia dagaa, nzi wameshaanza.

"Haya, akina mama, pangeni foleni!" mmoja akaita, hata hakumsubiri Mashimba.

Kija akajaza beseni, akapita mbele ya Mashimba bila kumsalimia. Kwenye vichanja, Modesta alikuwa anamgombeza Odeta.

"Tandaza vizuri bwana, hapa si mchangani!"

"Nifundishe basi, badala ya kubweka," Odeta akamjibu, na wote wawili wakainama kutandaza.

Mimi bado nilikuwa na mtoto. Alishanikojolea zamani.