Mgeni wa Siku ya Kupimwa

Asubuhi ya kupimwa hewa, wafanyakazi wa kiwanda cha vigae walipanga foleni chini ya bomba la moshi, kila mmoja na gunia lake. Msimamizi aliwajazia moshi wote, akafunga bomba, nao wakafunga magunia kwa kamba, wakaenda nao nyumbani. Ndivyo walivyofanya tangu mji ulipojiwekea lengo la hewa safi.

Mchochea tanuri alilifungua lake sebuleni, maana gunia lisipofunguliwa hupasuka. Moshi ukapiga hodi, ukakaribishwa, ukajitandaza kwenye kochi lote. Mgeni hana haya hata chembe. Binti yake akaanza kukohoa.

"Mpaka lini, baba watoto?" mkewe aliuliza. "Tanuri la umeme liko stoo, hata sanduku halijafunguliwa. Likiwashwa, makaa basi. Huu moshi mweusi utakwisha, na ile kaboni isiyoonekana, inayotuzidishia joto, nayo itapungua. Mkifeli mara moja tu, mji utawalazimisha kuliwasha."

"Bosi anasema tunafaulu kila mara, la umeme la nini?"

"Mnafaulu kwa sababu mwanangu anaumeza!"

Asiyebeba gunia hana kazi kesho, na hilo mkewe alilijua pia. Iliwauma wote wawili.

Midomo ya mtoto ilipoanza kubadilika rangi, baba alimbeba mbio hadi kiwandani, akamlaza kwenye mkeka chini ya kipimo cha hewa. Hapakuwa na hewa nzuri kama ile mji mzima. Mtoto akavuta pumzi, akalala.

Mkaguzi alifika, akasoma kipimo, akatabasamu.

"Hewa safi mpaka watoto wanalala! Wa nani huyu?"

"Wangu," baba alijibu. Maneno mengine yalimfika kooni. Akamtazama msimamizi, akayameza.

"Una bahati, ndugu yangu."

Kiwanda kikafaulu. Gari la mkaguzi lilipotoka, msimamizi alimpiga baba begani.

"Umetuokoa. Siku nyingine ya kupimwa mlete mapema, akutwe ameshalala. Sasa mwondoe haraka, tunafungua bomba."

Baba alimbeba binti yake bila kumwamsha. Nyumbani moshi ulikuwa bado umekaa, na nyuma yake bomba lilikuwa limeanza kutoa mwingine. Alisimama kwenye geti la kiwanda, asijue ampeleke wapi.