Jiwe Lililowahi Kuiva

Kaka yangu Primus alinipiga mtaimbo begani saa nne asubuhi, siku ya pili ya moto. Nilisikia mfupa ukivunjika. Nikamrukia, nikampiga kichwa cha pua, tukaanguka pamoja juu ya kuni.

Ugomvi ulikuwa wa chumvi. Tanuri la chokaa, chini ya Mwika, baba alituachia sote wawili, na baba alichoma mawe siku tatu kamili. Siku hizi kuni hazipatikani. Ukikata mti unakamatwa. Mchoma chokaa mmoja wa Tarakea alinionyesha njia: loweka mawe kwenye maji ya chumvi kabla ya kuyapanga. Chumvi inayeyuka motoni, jiwe linatoa hewa yake mapema, linaiva kwa nusu ya kuni. Nilijaribu kwa siri mara mbili. Ni kweli.

Safari hii Primus aliona mifuko mitupu ya chumvi nyuma ya tanuri.

"Unapika mtori humo?" aliniuliza.

Chokaa ile ilikuwa ya kuta za kanisa letu. Alisema chumvi itazifanya kuta zitoe jasho, na jina la baba litachekwa hadi Masama. Nikamjibu kwamba baba amekufa, na miti yake imekufa naye. Ndipo aliponipiga.

Sasa damu ya pua ilimfika kifuani. Aliinuka, akanikanyaga mbavu, akaapa kwamba mzigo ule hautatoka, atauzima. Akaenda kuchota maji kwenye pipa.

Chokaa iliyoiva ikikutana na maji inachemka na kuruka. Kwetu hata mtoto analijua hilo. Lakini kwa baba, siku ya pili jiwe lilikuwa bado bichi. Aliwahi kuzima tanuri kwa maji siku ya pili, kuni zilipomwishia, na hakikutokea kitu ila mvuke. Primus aliona kwa macho yake.

Mawe haya yalikuwa yameiva tangu alfajiri. Nilikuwa nimetoa moja, likapoa, nikalipima mkononi: nusu ya uzito wake imekwisha.

Primus alipanda ukingoni na ndoo. Nilikuwa na muda wa kumwambia. Bega liliniuma. Nikanyamaza.

Tanuri lilinguruma. Uji mweupe ulimrukia usoni, akaanguka chini akijikwaruza macho kwa kucha. Nilimburuta hadi mferejini, nikamzamisha kichwa tena na tena, naye akiniuma mkono. Ngozi ya kope ilibaki vidoleni mwangu.

Wiki sita baadaye alikuja tanurini, mkewe Beatha amemshika mkono. Nilimwamkia shikamoo. Aligeuzia uso kule sauti yangu ilikotoka.

"Ulijua yameiva?"

"Nilijua."

Alimwambia Beatha akamsubiri barabarani. Akachutama kwenye lundo la mawe, akaokota moja, akalipima kiganjani. Lilikuwa limechomwa, jepesi. Akalitupa. Akapapasa mpaka akapata bichi, zito.

"Sogea," alisema.

Nikasogea. Nikauchukua mkono wake mtupu, nikaushikisha kola ya shati langu, ajue uso wangu uko wapi.