Rinda Lisiguswe na Makasi

Tangu daktari alipotuambia turudi nyumbani, binti yangu Idah aliniomba kitu kimoja tu. Aliniambia, "Mami, wasinikatie rinda."

Nilimwelewa. Tulipomzika dada yangu, Idah ndiye aliyeingia mochari kumvalisha. Maiti hakunjiki, na mikono yake haipiti kwenye nguo. Mhudumu alichukua makasi akapasua rinda mgongoni, kutoka shingoni hadi chini, akamtandazia marehemu kwa mbele kama aproni, kisha akachomeka pembeni. Ukisimama juu ya jeneza huoni kitu. Ndivyo hufanywa, na yule mhudumu hakuwa mtu mbaya. Aliifanya kazi yake pole pole na alizungumza na dada yangu kama anayesikia. Lakini Idah alikuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo hapa Ruiru tangu usichana wake. Alitoka nje akatapika.

Sasa zamu ilikuwa yake. Tangu akatwe titi, mkono wake wa kushoto ulikuwa umevimba hivi kwamba kila rinda la dukani liligoma kwenye kiwiko. Alitaka shingo ifunikwe, mkono ufunikwe, na nguo ibaki nzima.

Jirani yetu Beth alisikia kanisani kwamba kungekuwa na maonyesho ya nguo za heshima kule Kamenu, Thika. Alisema, "Enda, mama. Mimi nitakaa naye." Alikuja asubuhi na ufumaji wake na uji kwenye chupa ya chai, na hakuuliza ningerudi lini.

Nilienda na Maggie, mjukuu wangu, binti wa pekee wa Idah. Yeye alijua tunatafuta nguo ya ibada ya shukrani mama yake akipona. Idah ndiye aliyetaka tumwambie hivyo.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Kulikuwa na akina mama wa kanisa wenye vitambaa vyeupe kichwani, na wasichana Waislamu wa mjini waliokuja na mama zao. Msichana wa mlangoni aliniona nikishika ukuta, akamwinua kijana mmoja ili nipate kiti. Wanamitindo walipita katikati ya viti wakiwa na marinda marefu na mikono mipana.

"Mnaona?" alisema msemaji kwenye kipaza sauti. "Kujifunika si kuzeeka."

"Na joto la Thika je?" mama mmoja akauliza nyuma yangu.

"Hilo, mama, ni la kuombea."

Watu walicheka. Maggie alinigusa goti. "Shosho, cheki hiyo ya zambarau. Mum akivaa hiyo, kwaya itasahau wimbo."

"Mikono yake inatosha?"

"Hiyo? Mimi na wewe tunaingia mkono mmoja na bado tunabakisha nafasi."

Baadaye wabunifu walisimama kwenye meza zao kuzungumza na watu. Rinda la zambarau lilikuwa la wanawake wawili wanaoshona pamoja, Nelima na Kaluki. Nelima ndiye mkubwa na ndiye anayeongea na wateja. Nilingoja Maggie aende kupanga foleni ya chai.

"Nataka kama lile," nikasema, "lakini lifunguke mgongoni lote, toka shingoni hadi kwenye pindo."

"Lote?" Nelima alitabasamu. "Sasa hapo mtu atatembea vipi, mama?"

"Hatatembea."

Tabasamu likamtoka. Nikawaeleza juu ya makasi na juu ya mkono wa Idah.

"Ameshatuacha?" akauliza.

"Bado. Yuko nyumbani."

Alitikisa kichwa. "Pole sana, mama. Lakini mtu anayepumua simpimi nguo ya safari hiyo. Kwetu hapana. Siku ikifika, nipigie. Tutashona bila kulala."

"Siku ikifika hataweza kuniambia kama limemkaa vizuri."

Muda huo wote Kaluki alikuwa akikunja vitambaa. "Ni mkono gani uliovimba?" akaniuliza.

"Wa kushoto."

"Safari gani, Shosho?"

Maggie alikuwa nyuma yangu na vikombe viwili. Sijui alisikia kutoka wapi, lakini uso wake ulionyesha alisikia ya kutosha. Vikombe vikainama na chai ikamwagikia vidole.

"Mum asubuhi amekunywa uji," akasema. "Mnamzika na amekunywa uji?"

"Ni yeye aliyeniomba, mama," nikamwambia.

"Amechoka tu. Mtu akichoka haendewi kununuliwa..."

Nelima, yule aliyekataa kazi yangu, ndiye aliyempokonya vikombe. Alichukua kitambaa kipya kutoka mezani, cha kuuzwa, akakilowesha maji na kumfunga nacho vidole. Hakumwambia anyamaze. Maggie alilia hadi watu wakaanza kuondoa viti ukumbini.

Kaluki alikuja kwetu Kiuu, hapa Ruiru, kumpima Idah kabla wiki haijaisha. Idah alimcheka alivyoshika tepu.

"Usinipime kwa huruma. Vuta. Mimi ni fundi, najua ukidanganya."

"Basi kaa wima, fundi."

"Nikae wima ya nini? Nipime nimelala. Si ndivyo nitakavyokuwa?"

Kaluki alimpima amelala.

Alipoleta rinda, Maggie alibaki nje akiosha vyombo vilivyokuwa safi. Tangu Thika alikuwa ananijibu kwa neno moja moja. Idah alilishika rinda, akageuza mshono ndani nje, akatazama pindo, akasema, "Umefanya kazi." Kisha akataka tulijaribu vile litakavyovalishwa, naye asitusaidie hata kidogo.

Mimi na Kaluki hatukuweza. Mwili uliolegea ni mzito, hata wa mtu aliyekonda hivyo. Nilimwinua bega, nguvu zikaniisha. Ndipo Maggie akaingia na mikono inayochuruzika maji, akaifuta kwenye sketi.

"Shosho, toka hapo utaumia."

Alimshika mama yake chini ya bega, akapitisha ule mkono mzito kwenye nguo, vidole kwanza, kisha kiwiko. Ulipita. Akamgeuza ubavu, akafunga vifungo vya mgongoni, akamrudisha chali.

"Vifungo vinaniuma mgongo," Idah akasema, macho yamefungwa.

Kaluki akasema, "Lakini siku hiyo..."

"Siku hiyo sitalalamika. Malizia tu, usiogope."

Hakumalizia. Alimwomba Maggie amvue mama yake, akakaa kwenye kigoda, akang'oa vifungo vyote na kushona mahali pake kamba bapa za kitambaa kile kile. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Jua lilikuwa limeondoka dirishani alipomaliza, na Maggie akamvalisha mama yake tena.

"Limeingia?" Idah akauliza.

"Limeingia."

"Lote?"

"Lote, Mum. Fungua macho sasa."

Hakufungua upesi. Maggie alimwita mara ya pili, sauti imebadilika, ndipo akafungua.

"Nipo," akasema. "Nivueni, lisikunjike."

Alifariki mwezi huo huo, Jumapili, tukiwa tumemgeuzia kitanda mlangoni apate hewa. Siku ya kumchukua mochari sikuweza kuingia ndani. Nilikalishwa kwenye benchi nje, na Nelima, aliyekuja bila kuitwa, akakaa nami akanishika mkono. Maggie aliingia peke yake na rinda mikononi.

Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa amezeeka. Alikuja akapiga magoti mbele yangu ili nisilazimike kuinua kichwa.

"Mhudumu alikuwa ameshayatoa makasi," akasema. "Nikamwambia ashike tu bega, mengine nitafanya mimi."

"Na mkono?"

"Ulikuwa mgumu, Shosho. Lakini ulipita."