Baruti ya Ndege kwenye Duara la Nyarugusu

Limi alipofika Nyarugusu, duara, yaani shimo la dhahabu alimochimba mumewe Theonest, lilikuwa limebomoka, na mlango wake umezibwa na kifusi na jiwe lisilotikisika kwa mtaimbo. Theonest na mwenzake Donatus walikuwa ndani. Mwanzoni walisikika wakigonga mwamba. Sasa mlio huo ulikuwa ukififia. Baruti ya kupasulia miamba haikupatikana. Tangu vita vya Uganda viishe, kila kitu kilitafutwa kwa tochi.

Hatibu, aliyekuwa fundi wa ndege za vita kabla ya kuacha jeshi, akaja na kopo zito la chuma ndani ya gunia. Akaeleza kwamba ile ilikuwa baruti ya kuwashia injini ya ndege: ikiguswa na umeme huungua kwa nguvu na kutoa moshi wa moto unaoizungusha injini hadi iwake yenyewe. Haikutengenezwa kupasua mawe. Huenda ingelisukuma lile jiwe. Huenda moshi wake ungewaua waliomo.

Wachimbaji wakatazamana. Scolastika, mke wa Donatus, alikuwa bado njiani kutoka Kahama.

"Mama Esta, sema wewe," Hatibu akamwambia Limi.

Limi akalaza sikio juu ya kifusi. Hakusikia kitu.

"Washa," akasema.

Wakaishindilia baruti chini ya jiwe, wakaizibia kwa udongo, wakavuta nyaya hadi kwenye betri ya lori. Ardhi ikanguruma. Jiwe halikusogea. Moshi wote ukazama kifusini.

Ndipo mtu akaita kutoka mteremkoni. Moshi ulikuwa ukifuka vichakani, mahali ambapo hakuna aliyejua kwamba palikuwa na shimo la zamani. Wakakimbilia huko, wakachimba kwa sururu na majembe, Limi kwa mikono mitupu, mpaka kucha zikamtoka damu.

Theonest akatolewa hai, akikohoa makohozi meusi. Donatus akatolewa baada yake, amekwisha kufa.

Limi alipomnywesha maji, mumewe akamnong'oneza kwamba Donatus alikuwa amevunjika mguu tu. Walikuwa wakizungumza mpaka moshi ulipoingia. Theonest alitambaa kuufuata upepo, Donatus hakuweza.

"Usimwambie mkewe," akasema.

Scolastika akafika jua likielekea kuzama. Limi akampokea mzigo, na kabla hajafikishwa kwenye maiti akamweleza yote, hata maneno ya Theonest.

"Nani aliyesema iwashwe?" Scolastika akauliza.

"Ni mimi."

Scolastika akampita, akapiga magoti, akaanza kumfuta Donatus masizi usoni kwa ncha ya khanga. Limi alipoinama kumsaidia, Scolastika akausukuma mkono wake.