Tumbo la Vitambaa

Binti alirudi nyumbani likizo akiwa na haja moja tu, na haja hiyo alikuwa ameipeleka kwa Mungu asubuhi na jioni muhula mzima: mwanawe amwite mama, walau mara moja.

Neno lenyewe mtoto alikuwa analijua. Shida ni kwamba alikuwa amekwisha kulitoa kwa mtu mwingine. Binti alipofika mlangoni, hata begi hajatua, alimkuta ameketi chini ya meza ya cherehani anachezea uzi, na bibi yake, fundi wa mtaa mzima, akamwambia amsalimie dada. Mtoto alikunja uso. Alikuwa na tabia ya kukunja uso na kunyoosha kidole kama msimamizi wa kiwanda, ndiyo maana wateja walimpachika jina la Bosi. Akaficha kichwa kwenye sketi ya fundi, akauliza, "Mama, nani huyu?"

Binti akacheka, kwa kuwa wateja walikuwepo. Kuna vicheko ambavyo ni vifuniko vya sufuria tu.

Ndivyo walivyokuwa wamekubaliana. Alipopata mimba angali anavaa sare, na kijana mhusika akahama mtaa kabla tumbo halijaonekana, mama yake hakumpiga wala hakupaza sauti. Alimaliza kwanza upindo aliokuwa anaushona, akakata uzi kwa meno, ndipo akazungumza. Alimpeleka mji mwingine kwa shangazi, na huko ndiko alikojifungulia. Shangazi alikuwa mpishi katika shule ya bweni, akamwombea nafasi. Fundi naye akaja kumchukua mtoto, akasema mbele ya watu atakuwa wake.

"Wewe utakuwa dada," alimwambia. "Mimi niliacha shule kwa ajili yako, na sijuti. Lakini katika nyumba hii mmoja lazima amalize."

Binti alikubali. Maziwa yalikuwa bado yanamlowesha kifua, na siku hizo angemkubalia yeyote chochote.

Sasa mtoto anasema, na makubaliano yale yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kila fundi alipowaambia wateja, "Huyu ndiye kitinda mimba wangu," binti alijibu kimoyomoyo: na ndiye kifungua mimba wangu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, walisema wahenga. Hawakusema afanye nini mzazi asiyeruhusiwa hata kuguna.

Basi akaanza kumfundisha kwa siri. Fundi akishughulika na wateja, yeye humchukua mtoto uani, kwenye kamba za nguo, mkononi ana biskuti.

"Mimi nani?"

"Dada."

"Hapana. Mama."

Bosi alinyoosha kidole kule ulikotoka mlio wa cherehani. "Mama yule." Akaona ni mchezo mzuri, akacheka mpaka biskuti ikamponyoka.

Lakini udongo uwahi ungali maji. Asubuhi moja, binti akianua shuka, mtoto alimkumbatia miguu akasema bila kuulizwa wala kuhongwa, "Mama." Binti aliketi juu ya beseni lililopinduliwa, akalia, akamshukuru Mungu mpaka maneno yakamwishia. Ndani cherehani ililia vilevile, trrr, trrr, haikukatika.

Furaha hiyo ndiyo iliyompeleka kwa msusi wa jirani. Alitaka apendeze. Bosi akaenda naye, akaketi kwenye ndoo na kupanga vitana, na msusi alipofika katikati ya kichwa, mtoto akainua kitana kimoja akaita, "Mama, ona."

Vidole vya msusi vikasimama. Akauliza huyu kamwita nani. Binti akajitetea kwamba anachanganya tu, kwake kila mwanamke ni mama.

"Afadhali yeye anachanganya," msusi akasema. "Sisi wakubwa hatukuelewa kabisa."

Mdomo wa msusi haukuwa na mlango, na siku hiyo hata fremu aliing'oa. Alisimulia jinsi fundi, mjane wa miaka mingi, kiongozi wa maombi ya kina mama, alivyovimba mbele ya macho yao mwezi baada ya mwezi. Waliuliza baba ni nani, wakapewa kimya. Wakamwambia aache kuongoza, akaacha. Wakamwambia akae nyuma, akakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, pamoja na wenye watoto wanaolia. Wapo waliokataa kushonewa naye.

"Mimi mwenyewe nilimwita kuku mzee anayetaga," msusi alisema, akacheka, kisha kicheko kikamfia. "Mungu anisamehe."

Binti alijichomoa mikononi mwa msusi. Mimba ilikuwa tumboni mwake yeye, mji mwingine, kwa shangazi. Mama yake alivimba nini?

Alimbeba mtoto akarudi nyumbani kichwa kimesukwa upande mmoja. Fundi alikuwa peke yake, pini mdomoni, anapima gauni la mtu. Mtoto akateremshwa, akatambaa kwenda chini ya meza yake.

"Mama, ulivimba nini?"

Fundi alizitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kimto.

"Nani kakwambia?"

"Msusi."

"Huyo angekuwa na ulimi wa akiba, angeukodisha."

"Mama."

"Vitambaa," fundi akasema. "Mabaki ya sare za shule. Nilishona mfuko wa kufunga kiunoni, nikawa naongeza kila shangazi yako aliponiambia umefikia wapi. Siku ya kuja kumchukua mtoto niliingia choo cha stendi na mimba, nikatoka bila." Akatabasamu kidogo. "Sijawahi kujifungua kwa urahisi vile."

Binti hakuweza kucheka. Alisema kesho ni siku ya maombi, na yeye atasimama mbele ya kina mama wote aseme mtoto ni wa nani, wamrudishie mama yake kiti chake. Alisema hivyo, na papo hapo akajua kwamba wazo lililotangulia moyoni lilikuwa jingine: kwamba mtoto angemwita mama mchana kweupe. Akaona haya.

"Ukisema, shule itasikia," fundi alijibu. "Nafasi itakwenda, nami nitakuwa nimeaibika bure. Aibu hii nilijipimia mwenyewe, mwanangu, nikaikata na kuishona. Imenikaa. Usinivue."

"Na Mungu je? Tunadanganya mbele yake."

Fundi alilainisha gauni kwa kiganja.

"Namwambia kila siku, na sijui atanihukumu vipi. Lakini mimi nakaa karibu na mlango. Akiingia, ananikuta wa kwanza." Halafu akasema, bila kumtazama, "Amekuita mama, kule uani. Nilisikia."

"Lakini ulikuwa unashona."

"Nilikanyaga cherehani bila uzi, usijue kama nasikia."

"Mbona hukunikataza?"

"Ningemkatazaje mtoto asiseme kweli?" Sauti yake ilipungua. "Ila iliniuma. Nilidhani vitambaa haviumi."

Siku zilizobaki, binti alirudi uani na mtoto na biskuti. Mimi nani? Mama. Hapana, dada. Bosi alimkunjia uso kama aliyedhulumiwa, maana alijua jibu alilolitolea jasho, na sasa anaambiwa amekosa. Kumfundisha kulikuwa na kicheko. Kumfutia hakukuwa nacho. Binti aliomba apewe nguvu, akapewa kidogo kidogo, ya kutosha neno moja kwa wakati.

Siku ya kuondoka, fundi alifunga duka, yeye na mtoto wakamsindikiza hadi barabarani. Mama na binti walitangulia na begi, mtoto nyuma yao akiokota vijiwe. Gari lilikuwa limekwisha kusimama na utingo anapiga bodi, ndipo kiatu kilipomvuka mtoto.

"Mama!" akaita. "Kiatu!"

Wote wawili wakageuka. Binti alikuwa amekwisha kupiga hatua; akaizuia. Fundi alisimama pale pale, mikono imetulia, akangoja, akamtazama binti yake kama anayempisha mlangoni.

Binti akainua begi, akapanda.

"Naam, baba," fundi akaitika, akaenda kumvalisha.