Mama Aruhusiwa Kwenda Nyumbani

Siku waliyokuja kupima sebule yetu, nilidhani ni watu wa zulia. Bwana mmoja mwenye tai fupi alivuta futi kutoka mlangoni hadi kwenye kabati la vyombo, akamwambia mwenzake, "Inatosha. Dharura tutaweka huku, mazoezi kule." Mimi nilikuwa kwenye cherehani, pini zimejaa mdomoni, kwa hiyo walimaliza kupima kabla sijaanza kusema. Nilipozitema, nilisema. Majirani walisikia.

Yule bwana, ambaye baadaye tulimwita Bwana Mabadiliko, hakukasirika. Alinieleza kwa upole, kama anamlisha mtoto uji, kwamba huduma zote za kituo cha afya zinasogezwa karibu na wananchi. Mama yangu ni mwananchi, tena mgonjwa, na sebule yake ndiyo kubwa kuliko zote mtaani.

"Lakini sisi tunaishi humu," nilimwambia.

"Ndiyo maana ya karibu," alijibu.

Kusogezwa huko tulikuwa tumeshakuonja. Asubuhi ile Mama alipoanguka jikoni, mdomo umekwenda upande na mguu wa kulia umekufa ganzi, nilimkimbiza hadi mlango wa dharura wa kituo. Tukakuta kufuli na karatasi: Huduma zimesogezwa karibu nawe. Karibu wapi, haikusema. Tulizunguka naye mji mzima kwenye gari la muuza magodoro mpaka tukampata daktari, naye akatuambia kwamba tungewahi, mguu ungepona. Mama alimsikia. Tangu hapo alikuwa na neno moja tu: atatembea kwa miguu yake, bila kushikwa na mtu. Na mimi sikutaka kitu kingine duniani.

Ndiyo sababu nilikubali. Bwana Mabadiliko aliahidi mtaalamu wa mazoezi kila siku, bure, hapo hapo sebuleni. Ningekataaje?

Wakaleta vyuma viwili virefu vya kujishikilia mgonjwa anayejifunza kutembea, wakavifunga sakafuni pale palipokuwa na kochi. Kochi likaenda uani. Wakaleta mabenchi, mzani, na kibao cha kutundika juu ya mlango. Kisha wakaleta wagonjwa. Mwisho wakaleta mlinzi, na huyo ndiye aliyetaka kunitia wazimu.

Nilikuwa natoka kununua uzi. Akanizuia mlangoni kwetu.

"Wewe ni mgonjwa?"

"Mimi naishi hapa."

"Hapa haishi mtu, dada. Una ndugu aliyelazwa?"

"Mama yangu."

"Basi ngoja jioni. Saa ya kuona wagonjwa bado."

Nilimpa vidonge vyake, lakini yeye alikuwa na rungu na mimi nilikuwa na uzi. Nikahamishia cherehani barazani. Ndani nikawa naingia kwa kuumwa. Asubuhi naumwa tumbo, nikachukue sufuria. Mchana naumwa jino, nikaoge. Siku ya jino, mtaalamu wa mazoezi alinidaka kabla sijafika bafuni, akaninyanyulisha magoti mpaka jasho likanitoka. Huyo tulimwita Nyoosha, maana hakuwa na dawa nyingine. Ukija na kikohozi, nyoosha. Ukija umeungua na mafuta, nyoosha taratibu.

Mama naye alichanua. Alikaa kwenye kiti cha marehemu baba, pembeni ya vyuma, akawa anawapanga watu. "We kijana, kidole kimekatika au kimekwaruzika? Haya, mpishe huyo anayehema." Foleni ilimwogopa kuliko ilivyomwogopa mlinzi. Na kila Nyoosha alipopata nafasi, Mama alishika vyuma, akauburuta ule mguu, akatukana kidogo, akauburuta tena. Mimi nilimchungulia dirishani. Siku moja nilishona kola kwenye mkono wa shati la mteja, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa machozi.

Siku alipoachia mkono mmoja, Nyoosha alipiga makofi. Halafu akanywea. Akaja barazani kuninong'oneza.

"Dada, mama anaendelea vizuri mno."

"Sasa mbona umenuna?"

"Akitembea mwenyewe, inabidi nimruhusu."

"Si umruhusu!"

"Aende nyumbani, dada."

"Nyumbani ndipo hapa."

"Hapa ni kituo. Aliyepona hawezi kulala kituoni. Anaziba nafasi ya mgonjwa."

Damu ilinichemka. Nilijishika tumbo, nikampita mlinzi, nikaenda kwa Bwana Mabadiliko, ambaye alikuwa amegeuza chumba changu ofisi na kutundika koti lake kwenye msumari wa magauni ya wateja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema hoja yangu ni ya msingi na ufumbuzi upo: Mama asitembee.

"Abaki hivi hivi," alisema. "Kwa kujishikilia. Anaweza kukaa na sisi miaka na miaka."

Niliona aibu, lakini nilikwenda kumwambia Mama. "Wakiwepo, shika vyuma. Wakienda kunywa chai, tembea utakavyo. Tusifukuzwe."

Alinitolea macho. "Mguu huu uliuawa na kufuli, mwanangu. Na wewe unataka kuutia la pili?"

Kesho yake Bwana Mabadiliko alileta wakubwa wake waje kuona mafanikio. Sebule ikajaa tai. Mama alisubiri wanyamaze, akashika vyuma, akasimama. Akaachia mkono wa kushoto. Akaachia wa kulia. Nyoosha alifumba macho. Mama akatoka katikati ya vyuma, akaipita foleni, mguu ukiburuza lakini ukifuata, akafika kwenye kabati, akachukua mtandio wake na birika.

"Nimepona," alisema. "Naruhusiwa?"

Wakubwa walimpigia makofi. Bwana Mabadiliko hakuwa na la kufanya, akamruhusu. Mlinzi alimfungulia mlango kwa heshima zote.

"Ufike salama nyumbani, mama," alimwambia, akaufunga.

Nilijitwika cherehani, nikamfuata. Nilipotaka kumshika mkono, aliupiga kofi. Alitembea akipumzika kwenye kila nguzo ya umeme, mpaka kituo cha afya cha zamani, mlango ule ule. Karatasi ilikuwa bado ipo, imepauka. Mama aliniomba mkasi wangu mkubwa, akalikwangua komeo lililooza kwa kutu mpaka likang'oka pamoja na kufuli lake, kisha akausukuma mlango kwa mguu. Mguu wa kulia.

Ndani kulikuwa na vumbi, kitanda cha magurudumu na benchi moja. Nilifagia. Mama aliweka birika dirishani, akasema chumba ni kizuri, kina hewa kuliko sebule yetu. Jioni ilipoingia nikaenda kufunga mlango.

"Acha wazi," alisema.

"Mama, tutaibiwa."

"Acha wazi, nimesema." Alikuwa amekaa kwenye benchi, uso kauelekeza mlangoni. "Kuna mtu atakuja mbio na mama yake mikononi."

Nikatafuta tofali, nikaliegemeza mlangoni ili upepo usije ukaufunga.